Ngoro za Umatengo

Nilipofika Mbinga, kusini mwa Tanzania, nikiwa bwana shamba kijana, nilibeba kitabu cha matuta ya kontua. Bibi mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono, tukashuka mteremko wa shamba lake. "Mwanangu, kanyaga hapa." Mguu ukadidimia kwenye nyasi zilizooza chini ya udongo, laini kama godoro.

Hiyo ndiyo ngoro. Karne ya 19 Wamatengo, wenyeji wa Mbinga, walipowakimbia Wangoni waliowavamia, walibanana milimani, na huko hapakuwa na ardhi ya kilimo cha kuhamahama. Mwezi Machi, mvua zikielekea ukingoni, wanaume hufyeka nyasi, huziacha zikauke, kisha huzilaza kwa mistari inayokatana. Wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo huo. Juu ya tuta hupandwa maharage; msimu unaofuata, mahindi. Maji ya mvua hutuama shimoni badala ya kuporomoka na rutuba. (Na tusidanganyane: sulubu kubwa ni ya jembe la mama.)

Kwingineko, mkoloni alipowalazimisha Waluguru wa Morogoro kuchimba ngazi mashambani kuzuia mmomonyoko, mwaka 1955 walikataa, polisi wakafyatua risasi. Ngoro hazikungoja amri ya mtu. Miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao wa Japani walikuja kupima kile nilichoonyeshwa kwa mguu. Ukipita Umatengo leo, miteremko bado ina vyumba-vyumba kama sega la nyuki.