Kununua Mashine Iliyokufa: Pinboli, Bahati na Nyundo ya Meya

Kwa majuma matatu sasa nimekuwa nikipima swali ambalo kwa wengine litaonekana dogo: je, ninunue mashine ya pinboli ya miaka ya 1960 ambayo haifanyi kazi? Mwenye nayo ni mzee mstaafu wa hapa Chicago ninakofundisha, naye anataka dola 700. Mke wangu ameuliza swali la haki. Fedha hizo zingemlipia karo mtoto wa ndugu yetu aliyeko Morogoro. Kwa nini basi zizikwe katika sanduku la mbao lisilotoa hata mlio? Bei ya soko haiwezi kulijibu swali hilo peke yake. Linahitaji historia, kwa kuwa mashine hii ni masalio ya mgogoro mrefu kati ya serikali za miji ya Marekani na starehe ya watu wa kipato cha chini.

Kwa msomaji asiyeifahamu, pinboli ni meza iliyoinamishwa kidogo kumwelekea mchezaji na kufunikwa kwa kioo. Mchezaji hutumbukiza sarafu, huvuta kisukumio chenye springi, na mpira wa chuma huruka hadi juu ya meza. Ukiwa unashuka, hugonga vizuizi na swichi, na kila mgongano huongeza alama. Chini kabisa pana tundu linaloumeza. Juu ya tundu hilo pana vikono viwili vinavyoendeshwa kwa vitufe vya ubavuni, na kwa vikono hivyo mchezaji huurudisha mpira juu. Hoja yangu yote katika makala haya inategemea vikono hivyo.

Mchezo wenyewe ulianza bila vikono. Mwaka 1871 Montague Redgrave, Mwingereza aliyehamia Cincinnati, alipata hataza ya meza yenye kisukumio cha springi. Miaka sitini baadaye, katikati ya Mdororo Mkuu wa uchumi, David Gottlieb wa Chicago alitoa meza ndogo iliyoitwa Baffle Ball, mwaka 1931. Mwaka uliofuata Raymond Moloney alitoa Ballyhoo, ambayo ndiyo iliyoipa kampuni ya Bally jina lake. Mtu asiye na kazi, asiyemudu tiketi ya sinema, aliweza kupata dakika chache za furaha kwa senti moja. Meza hizo zilienea kwenye baa, maduka ya dawa na vinyozi. Lakini mpira ukishaachiliwa, mchezaji hakuwa na la kufanya zaidi ya kuitikisa meza, na hata hilo lilidhibitiwa pale Harry Williams alipobuni kifaa cha kusimamisha mchezo meza inapotikiswa kupita kiasi. Zaidi ya hayo, baadhi ya mashine zilianza kutoa sarafu kwa washindi, na wenye maduka wakawa wanatoa zawadi kwa siri. Magenge ya wahalifu yaliona faida na kujiingiza katika biashara.

Katika hali hiyo Fiorello La Guardia, meya wa New York tangu mwaka 1934, hakuwa mtu wa kudharauliwa. Alikuwa mwanamageuzi aliyepambana na rushwa na magenge kwa dhati. Alidai kwamba mashine hizi zilikuwa zikiwanyang'anya watoto wa shule sarafu za chakula cha mchana. Tarehe 21 Januari 1942, majuma machache baada ya Marekani kuingia katika Vita vya Pili vya Dunia, marufuku ilianza. Polisi walikamata mashine kwa maelfu. Meya alipigwa picha akizivunja kwa nyundo, mabaki mengine yakatupwa majini, na chuma kikaelekezwa kwenye mahitaji ya vita. Los Angeles ilikuwa imekwisha kupitisha marufuku yake mwaka 1939. Hata Chicago, jiji lililokuwa na viwanda vya Gottlieb, Bally na Williams, liliuzuia mchezo huo kwa miongo kadhaa. Wafanyakazi wake walitengeneza mashine ambazo wao wenyewe hawakuruhusiwa kuzichezea katika mitaa yao.

Sina tatizo na hukumu ya mwaka 1942 kama hukumu ya mwaka 1942. Mashine iliyoshtakiwa ilikuwa, kwa sehemu kubwa, mashine ya bahati. Tatizo langu ni kilichofuata. Mwaka 1947 kampuni ya Gottlieb ilitoa mashine iliyoitwa Humpty Dumpty, iliyosanifiwa na Harry Mabs, yenye vikono sita vya umeme. Mwaka 1948 Steve Kordek aliweka vikono viwili tu sehemu ya chini ya meza, na mpangilio huo ndio tunaoujua hadi leo. Kuanzia hapo mchezaji hodari aliweza kuudaka mpira, kuutuliza na kuulenga anakotaka. Kifaa kilibaki na jina lake la zamani ilhali asili yake ilikuwa imegeuka. Hata hivyo marufuku ya New York iliendelea kuwepo kwa miaka 29 baada ya vikono kuvumbuliwa. Kwa kipindi chote hicho sheria ilikuwa ikiiadhibu mashine ambayo haikutengenezwa tena.

Watengenezaji nao hawakuketi bila kufanya lolote. Katika baadhi ya majimbo, hata mchezo wa bure aliopewa mshindi ulihesabiwa kuwa kitu cha thamani, na hivyo kuwa kamari. Mwaka 1960 Gottlieb walitoa mashine iliyoitwa Flipper, ambayo badala ya mchezo wa bure ilimwongezea mchezaji mpira ndani ya mchezo uleule. Mashine ninayouziwa ni ya aina hiyo. Ndani yake mna nyaya na swichi zilizopangwa hivyo kwa sababu watunga sheria waliandika hivyo. Ni nadra kuona maneno ya sheria yakiwa yamegeuzwa kuwa koili na shaba mtu aweza kuzigusa kwa kidole.

Mabadiliko yalikuja katika miaka ya 1970. Mwaka 1974 Mahakama Kuu ya Juu ya California, katika shauri la Cossack dhidi ya Jiji la Los Angeles, iliamua kwamba pinboli ni mchezo wa ustadi zaidi kuliko wa bahati. Mwezi Aprili 1976 mwandishi kijana, Roger Sharpe, aliitwa mbele ya kamati ya Baraza la Jiji la New York kuthibitisha jambo hilohilo kwa vitendo. Mashine mbili zililetwa katika chumba cha kikao. Mjumbe mmoja alishuku kwamba ya kwanza ilikuwa imechezewa, akaamuru itumike ile ya akiba. Sharpe alicheza, kisha akatangaza kwamba kwa kuvuta kisukumio tu angeupitisha mpira katika njia ya katikati. Mpira ukapita hapo hapo, na kamati ikapiga kura ya kuondoa marufuku. Miaka mingi baadaye Sharpe alikiri kwamba pigo lile lilikuwa na bahati ndani yake. Hivyo ustadi ulithibitishwa, kwa kiasi fulani, kwa msaada wa bahati. Huo ndio ugumu wa kigezo kilichotumika: mpaka kati ya ustadi na bahati hauchoreki kwa rula.

Kwa wasomaji wa Tanzania, kigezo hicho si kigeni. Sheria yetu ya mwaka 2003 inaitwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, na bahati imo katika jina lenyewe. Kigezo ni halali, lakini hakimwambii mtumishi wa umma afanye nini siku kifaa kinapobadilika na jina likabaki lile lile, wala siku mchezo wa ustadi unapogeuzwa kwa ujanja kuwa wa kubahatisha. Marufuku isiyo na tarehe ya kupitiwa upya hudumu kwa uzito wa mazoea tu. Huko Oakland, California, pinboli ilihalalishwa rasmi mwaka 2014, karibu miongo minne baada ya New York.

Sasa nirudi kwenye dola 700. Mashine za enzi hiyo hazina kompyuta; kilichomo ni mota, rilei, fyuzi na mamia ya swichi. Uzuri wake ni kwamba mara nyingi ubovu wake ni uchafu: grisi iliyoganda, ncha za swichi zilizoshika kutu, waya uliochomoka. Vitu hivyo hutibika kwa subira, tochi, msasa laini na mchoro wa nyaya. Kosa la wengi ni kuichomeka mara moja kwenye umeme, kwani koili iliyokwama yaweza kuungua. Kisichotibika kwa urahisi ni kioo cha nyuma chenye picha iwapo rangi yake imebanduka, na ubao wa kuchezea iwapo umelika hadi kwenye mbao tupu. Nimevikagua vyote viwili. Kioo ni kizima. Ubao umechubuka kuzunguka matundu lakini picha ingalipo. Mchoro wa nyaya umo ndani ya sanduku, umekunjwa.

Kama ningeitaka kwa pambo, ningemwachia mwingine. Mashine iliyokufa haiwezi kutoa ushahidi: mwaka 1976 hoja za mawakili hazikutosha, ikabidi mpira wenyewe uzungumze. Nitainunua kwa nia ya kuifufua, na kwa masharti matatu tuliyokubaliana nyumbani. Karo ya Morogoro italipwa kwanza. Bei itashuka hadi dola 500, kwa kuwa anayenunua kazi ya miezi sita hapaswi kulipa kama anayenunua starehe ya jioni hii. Na wanafunzi wangu wa historia ya sheria watashiriki kuifungua, swichi kwa swichi, wakiwa na maandishi ya sheria mkononi.

Nataka waone jambo ambalo mihadhara yangu hulieleza kwa shida. Fundi mwema hufungua mfuniko kabla ya kusema kilichoharibika, na hurudi kukagua baada ya muda. Mtawala naye anadaiwa hilo hilo. La Guardia alifungua mfuniko mwaka 1942, na alichokiona kilikuwa kweli. Waliomfuata walirithi nyundo yake kwa miaka 34 bila kuangalia tena ndani ya sanduku.