Makewali wa Bashiqa

Bashiqa, mji ulio chini ya mlima wenye jina hilohilo, kaskazini-mashariki ya Mosul nchini Iraki, umekaliwa kwa karne nyingi na Wayazidi pamoja na Wakristo wa Kiashuru, ambao ibada yao huendeshwa kwa Kisiria, tawi la lugha ya kale ya Kiaramu. Ukale wake unashuhudiwa na Tell Billa, kilima cha magofu ambacho wanaakiolojia kutoka Marekani walianza kukichimba mwaka 1930, wakakuta mabamba ya udongo yanayoutaja mji wa Shibaniba wa enzi za dola ya Ashuru. Hata hivyo, sifa kubwa ya Bashiqa haikutokana na dola hiyo, wala na mizeituni inayouzunguka mji, bali na koo chache za waimbaji.

Dini ya Kiyazidi, inayofundisha kwamba Mungu aliikabidhi dunia kwa malaika saba wakiongozwa na Malaika Tausi, iliishi kwa karne nyingi katika tenzi takatifu zilizohifadhiwa kwa moyo na makewali, yaani waimbaji wa kurithishana ambao asili yao ni Bashiqa na mji pacha wa Bahzani. La kustaajabisha ni kwamba Wayazidi wa miji hii miwili huzungumza Kiarabu nyumbani, ilhali tenzi wanazozitunza ni za Kikurmanji, lahaja ya Kikurdi, hivyo mtoto wa kewali alilazimika kupokea kwa wazee wake si dufu na filimbi tu, bali pia lugha ya ibada isiyokuwa ile aliyolelewa nayo. Makewali walisafiri na sanjaki, yaani sanamu ya tausi ya shaba iliyowekwa juu ya kinara, wakafika Sinjar, Aleppo, Anatolia na hata Kaukazi, wakiimba, wakifundisha na kupokea sadaka. Kwa jamii iliyotawanyika hivyo bila vitabu, ziara hizo ndizo zilizokuwa madarasa yake. Mwaka 1892 jeshi la Dola ya Uthmaniya, lililotumwa kuwasilimisha Wayazidi kwa nguvu, lilinyakua sanjaki, na mipaka mipya iliyochorwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikazifunga njia nyingi za makewali.

Agosti 2014 wapiganaji wa Daesh waliuteka mji, wakalipua mahekalu ya Kiyazidi yenye kuba nyeupe zilizochongoka, wakanajisi makanisa na kuchoma mizeituni, na ukatili huo ulidumu hadi Novemba 2016, wakati majeshi ya Kikurdi yalipoukomboa. Wakazi wengi wamerudi na kuba zimejengwa upya. Maneno ya tenzi yalikuwa yamekwisha kuanza kuchapishwa Baghdad mwaka 1979 na wasomi wa Kiyazidi, lakini mahadhi yake yangali yanategemea makewali wenyewe, ambao baadhi yao sasa wanaishi Ujerumani.