Wembe wa Mjerumani, au wa Nani?

"Huo ni wa enzi za Mjerumani, mwanangu." Hilo ndilo jibu la wazee wa Mlola, milimani Usambara, unapowauliza habari za wembe wa kukunja, ule unaolala ndani ya mpini wake na kunolewa kwa kuburuzwa kwenye mkanda wa ngozi. Usambara kila chuma kikongwe husemwa ni cha Mjerumani: reli, msumeno, kengele. Mimi hukusanya nyembe hizi, na nilichokuwa nikikisaka hasa ni wembe wa Kimarekani. Kama Mjerumani ndiye aliyeleta zote, mbona Wamarekani walitangulia kufika pwani yetu?

Maana walitangulia kweli. Sultani aliyetawala Unguja alitiliana nao mkataba wa biashara mwaka 1833, na mwaka 1837 konseli wao akawa yupo Unguja. Meli za Salem, Massachusetts, zilishusha nguo za merikani, baruti, bunduki na waya wa shaba, zikapakia pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Nguo ya pwani ilipanda milimani kwa migongo ya wapagazi. Iweje wembe, kitu chepesi cha kutia mfukoni, ubaki bandarini?

Tarehe ndizo zilizonikatalia. Enzi ya meli za Salem, Wamarekani wenyewe walinyoa zaidi kwa nyembe za Sheffield, Uingereza. Viwanda vyao vilikuja kushamiri baadaye, hasa baada ya sheria ya ushuru ya mwaka 1890 iliyopandisha bei ya visu na nyembe kutoka nje. Ndipo miji kama Worcester kule Massachusetts, na Little Valley na Geneva katika jimbo la New York, ilipojipatia jina kwa makali yake. Lakini vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, vilikuwa vimeshaidhoofisha biashara yao ya Unguja, na kufikia 1890 Usambara ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Wembe wa Kimarekani ulikomaa wakati njia yake ya kuja huku imeshafifia. Basi Mlola uliingia upi?

Nilioushika mkononi ulikuwa na mpini wa pembe nyeusi uliopasuka karibu na pini, na ubavu uliochimbwa kwa jiwe la kusagia hadi ukawa mwembamba kama karatasi. Kutu ilikuwa imekula ncha. Niliufuta kwa kitambaa chenye mafuta, nikaugeuza juani, na kwenye shina herufi zikajitokeza: Solingen, na chini yake Germany. Mzee mwenye wembe akacheka: si nilikwambia? Lakini Mjerumani anayemwandikia Mjerumani mwenzake angeandika Deutschland. Muhuri huu wa Kiingereza ulikuwa wa nini?

Ulikuwa wa sheria. Uingereza ilitunga yake mwaka 1887, na Marekani ikaanza mwaka 1891 kudai bidhaa za kigeni zitajwe nchi zilikotoka. Kwa hiyo wembe huu ulifuliwa Ujerumani kwa ajili ya soko linalosoma Kiingereza. Waingereza waliitwaa Usambara mwaka 1916, na hapo ndipo ninapoelekea kuuweka ujio wake. Naelekea tu, sikati shauri, kwa sababu Unguja ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890, na mzigo ungeweza kupitia huko, ukavuka hadi Tanga na kupanda reli iliyofika Mombo mwaka 1905. Tena jina lenyewe la Solingen liliibwa mno na mafundi wa miji mingine hata Ujerumani ikalilinda kwa sheria mwaka 1938. Je, kuna maandiko ya zamani yanayoweza kuamua?

Niliyafuata. Mmishonari Mjerumani alifika Usambara mwaka 1848, na wasafiri wawili Waingereza wakapanda hadi Vuga, makao ya mfalme, mwaka 1857. Kurasa zao nilizosoma zimejaa mfalme, njia na mvua, kinyozi sikumwona. Njia hiyo ikafungika. Lakini watu wa milima hii hawakungoja meli ndipo wanyoe: mtoto alinyolewa, na wafiwa walinyolewa. Kwa chuma cha nani?

Upareni, ng'ambo ya bonde, waliyeyusha chuma tangu zamani, na chuma chao kiliuzwa kwa majirani, Usambara ikiwemo. Wembe wa mhunzi haukunjwi, hauna muhuri, na ubavu wake ni bapa. Ukiuona sandukuni utaudhani kisu kibovu. Naamini huo ndio ulionyoa vichwa vingi zaidi Usambara, na ndio tuliousahau kwa sababu hauna herufi za kuusemea. Na chuma kikichakaa mhunzi hukirudisha motoni, kikatoka kitu kingine. Ni nyembe ngapi za aina hiyo zilizogeuka visu na majembe kabla mtu hajaziuliza habari zake?

Wembe wa Kimarekani sikuuona Mlola, na mpaka mtu anionyeshe muhuri sitakubali kwamba ulifika. Wewe uliye na wembe wa babu sandukuni, usiupige msasa ili ung'ae; msasa hula maandishi kabla ya kutu. Upake mafuta, uufunge kwa kitambaa kikavu, uandike pembeni ulikuwa wa nani na aliupata wapi. Na ukikuta wa bapa usio na jina, usiutupe.