Ndai ya Kufunua Paa: Ni Moto, Lakini Ikigonga Utatoka Mzima?

Wacha tuambiane ukweli. Hakuna msee hununua gari ya viti viwili ndio abebe viazi. Unanunua juu ni moto. Mazda MX-5, BMW Z4, Mercedes SLK, Honda S2000, hata ile Daihatsu Copen ndogo ka kiatu. Zikipita stage, kila mtu anageuza shingo.

Lakini kuna swali moja watu wa yadi hawapendi kusikia: hii kitu ikigonga, mimi nitakuwa wapi?

Jibu la haraka: si jeneza ka vile mamako anadhani, na si tangi ya vita ka vile dalali anakushow. Ukweli uko katikati, na kujua uko wapi kunaweza kuokoa maisha yako.

Jina baya lilitoka wapi

Rudi nyuma hadi tarehe 30 Septemba 1955. James Dean, staa wa Hollywood mwenye miaka 24, alikuwa California akielekea kwa mashindano ya magari. Alikuwa kwa Porsche 550 Spyder, kagari kafupi, kepesi, hakana paa. Kwa makutano, Ford iliyokuwa inatoka upande wa pili ikakata kona mbele yake. Dean akafa. Mekanika aliyekuwa kando yake alirushwa nje, akaumia vibaya lakini akaishi. Dereva wa Ford alisema hakuiona hiyo Porsche.

Cheki vizuri hiyo story. Gari haikuwa na paa, sawa. Lakini shida zilikuwa tatu zingine: ilikuwa nyepesi, ilikuwa chini sana hadi ni ngumu kuonwa, na mtu mmoja alirushwa nje. Hizo shida tatu bado ziko hadi leo.

Namba zinasema nini

Marekani kuna taasisi inaitwa IIHS, inalipiwa na kampuni za bima, kazi yake ni kuchunguza ajali. Mwaka wa 2020 walitoa utafiti. Walichukua gari za kufunua paa za umri wa mwaka 1 hadi 5, wakazilinganisha na modeli hizo hizo zenye paa la kawaida, kwa ajali za 2014 hadi 2018. Kwa kila maili iliyoendeshwa, gari za kufunua paa zilipata ajali asilimia 6 chini, na madereva waliokufa walikuwa asilimia 11 chini.

Usianze kuruka. Hiyo haimaanishi kutoa paa kunaongeza usalama. Hizi gari zina madereva wa aina yao: kwa ajali za kuua, walipatikana wamefunga mshipi kiasi zaidi na hawakuwa wanakimbiza sana, ingawa pombe ilikuwa juu kidogo. Maana yake ni kwamba paa la kukunjwa peke yake si hukumu ya kifo.

Lakini kuna namba moja ya kukufanya ukae vizuri. Kati ya madereva waliokufa kwa gari za kufunua paa, asilimia 21 walirushwa nje. Kwa zile za kawaida ilikuwa 17.

Ulaya nako, Euro NCAP hugongesha gari kwa ukuta makusudi ndio wazipe nyota. MX-5 ya 2015 ilipata nyota 4, na asilimia 84 kwa kukinga watu wazima. BMW Z4 ya 2019 ilipata nyota 5 na asilimia 97. Hizo ni alama za ukweli kabisa. Shida ni moja: nyota zinalinganisha gari za saizi moja. Barabarani hakuna mtu atakuchagulia wa saizi yako.

Kilo hazidanganyi

Hapa ndio mambo inakuwa noma. MX-5 iko na uzito wa karibu tani 1. Gari kubwa aina ya Prado inapita tani 2. Sema zote zinaenda kilomita 50 kwa saa, zigongane uso kwa uso, zishikane.

Fanya hesabu ya fomu tatu. Ile kubwa inaendelea mbele, inakusukuma kinyume kwa kama 17 kwa saa. Kwa hivyo wewe umetoka 50 mbele hadi 17 nyuma: mabadiliko ya 67 kwa nukta moja ya jicho. Jamaa wa gari kubwa amepoteza 33 tu. Mwili wako umekula mara mbili ya wake, na hakuna nyota ya Euro NCAP itabadilisha hiyo hesabu.

Ongeza urefu. Boneti ya gari ya michezo iko chini, kitako cha lori kiko juu. Ukiingilia lori iliyokwama usiku, ile ya kuwekewa matawi barabarani badala ya taa, boneti yako inaweza kupita chini bila kugusa kitu. Ile sehemu ya mbele imeundwa ikunjike ndio imeze nguvu haifanyi kazi. Kitu cha kwanza kugonga ni nguzo za kioo cha mbele, na nyuma yake ni uso wako.

Na ikipinduka?

Habari njema kwanza: hizi gari ziko chini, kwa hivyo ni ngumu kupinduka kuliko gari ndefu.

Habari mbaya: ikipinduka, paa la turubai halishiki chochote. Sheria ya Marekani ya nguvu ya paa haihusu gari za kufunua paa kabisa. Hata paa la chuma linalojikunja usilihesabu kama lile lililochomelewa na bodi.

Kinachobeba gari ikiwa kichwa chini ni vitu viwili. Cha kwanza ni nguzo za kioo cha mbele, ambazo hutiwa chuma kigumu ndani. Cha pili ni rolbaa, ile chuma ya nyuma ya viti. Mwaka wa 1989 Mercedes walitoa SL yenye rolbaa inayolala, na gari ikianza kupinduka inasimama yenyewe kwa sekunde 0.3. Siku hizi nyingi ziko na hiyo, ama na chuma imesimama tu kila saa.

MX-5 za kitambo, za 1989 hadi 2005, zilitoka kiwandani bila rolbaa. Ukiona vichuma vya kung'aa nyuma ya viti, uliza fundi ka zimefungwa kwa chesisi ama ni urembo. Za urembo hujikunja.

Kabla utoe doo, cheki hivi

- ESC. Huu ni mfumo unaoshika breki za tairi moja moja gari ikianza kuteleza. IIHS wanasema unapunguza ajali za kuua za gari moja pekee kwa karibu nusu. Marekani ulilazimishwa kutoka modeli za 2012, Ulaya 2014. Ukipata gari haina, endelea kutafuta.
- Rolbaa na kichwa. Kaa kwa kiti, mtu aweke fimbo kutoka juu ya kioo cha mbele hadi juu ya rolbaa. Ka kichwa chako kinagusa fimbo, wewe ni mrefu kuliko usalama wako.
- Historia ya kugongwa. Angalia kama nguzo za mbele ziliwahi kuchomelewa. Hizo ndizo paa lako. Rangi mpya hapo ni swali, si zawadi.
- Mifuko ya hewa. Honda S2000 ni moja ya gari zilizoitwa zirekebishwe juu ya mifuko ya Takata, ambayo ingelipuka na kukurushia vipande vya chuma. Chukua namba ya chesisi, uulize kampuni ka hiyo kazi ilifanywa.
- Mtoto. Viti ni viwili. Kiti cha mtoto mchanga kinachoangalia nyuma hakiwekwi mbele ya mfuko wa hewa ambao haujazimwa. Hakuna swichi ya kuzima? Mtoto apande gari ingine.

Ile mchezo ya kukaa nyuma

Hii ndio imetufanya tuandike. Umeona video: birthday ama harusi, paa imefunuliwa, madem wawili wamekaa juu ya buti, miguu kwa viti, simu juu, gari inateleza kwa lami.

Hapo hakuna mshipi, hakuna rolbaa, hakuna mfuko wa hewa. Dereva akishika breki ghafla juu boda imemkatia, gari inasimama na wewe unaendelea na ile mwendo. Mbele yako ni kioo, halafu boneti, halafu lami. Rudi kwa ile 21 ya kurushwa nje. Hao walikuwa madereva, watu wako na kiti na mshipi hapo kando.

Kwa hivyo ukiipata hiyo ndai, hongera, funua paa, hewa ni ya wote. Funga mshipi hata ka unaenda tu hadi kwa duka. Washa taa mchana ndio uonekane. Kaa mbali na kitako cha lori. Usiku ukikutana na matawi kwa barabara, punguza mwendo kabla uione hiyo lori yenyewe.

Na ka wewe ndio abiria wa tatu kwa gari ya viti viwili, itisha boda ama ungoje mathree. Picha utapigwa gari ikiwa imesimama.