"Lini" ilipotelea wapi?

Bandugu, mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilimuuliza mama mmoja hapa Dilolo, kwenye shamba lake la mihogo: "Mama, ulipanda lini?" Akaniangalia tu. Mwenzangu akarudilia: "Mama, ulipanda wakati kani?" Jibu likatoka palepale: kisha mvua ya kwanza. Mjinga alikuwa mimi.

Pwani wana lini, kwa nini, na vile viungo vifupi vya mwisho: "wasemaje?", "waendapi?" Kwetu ni wakati gani, juu ya nini, "unasema namna gani?" Na gani yenyewe, kwa wengi inatoka kani.

Huo si uvivu wa ulimi. Kiswahili kilifika Katanga na misafara ya biashara, wakati wa Msiri kule Bunkeya, aliyeuawa Desemba 1891. Lakini kilichokieneza njo kazi. Union Minière ilianzishwa 1906, gari la moshi likafika Elisabethville 1910, makambi yakajaa Wabemba, Waluba wa Kasai, watu wa Ruanda-Urundi. Wengi walijifunza Kiswahili wakiwa wakubwa, wenyewe kwa wenyewe. Mtu wa hivyo anashika neno linalosimama peke yake. Kale ka -je kanamponyoka. Tena Kibemba na Ciluba havina g ila ikifuata n. Sikilizeni vizuri: ngapi imebaki ngapi, gani njo imekuwa kani! (Hata Norwe, Oslo wanasema hva, Tromsø wanasema ka.)

Huku kwetu kwa Wachokwe na Walunda, Kiswahili hicho kilisukumwa na reli, iliyounganisha Katanga na Benguela mwaka 1931. Kile cha kitabu, kamati ya makoloni ya Waingereza ilianza kukisanifu 1930, kwa msingi wa Kiunguja. Sisi hatukuwamo. Na bado mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Elisabethville kwa Kiswahili chetu hikihiki, kwa niaba ya waliokuwa maboyi wa Wazungu.

Fomu yetu ya mashambani ingali na "lini", na kwenye tarehe ya kupanda nafasi nyingi zinarudi tupu. Halafu kalenda ya kilimo tunaitunga na nini? Nimeomba tuandike "wakati gani". Mkubwa wangu anasema ni Kiswahili kibovu. Nimemwambia twende naye shambani, aulize mwenyewe.