Nzige wa Rukwa na Ubongo Ndani ya Kompyuta

Anayeandika historia ya kuiga ubongo wa mdudu kwa kompyuta huanzia maabara za Ulaya. Kwa mkoa wa Songwe, ningeanzia mbuga za Ziwa Rukwa. Nzige wekundu walipoitesa Afrika kuanzia 1930 hadi 1944, watafiti walibaini kuwa makundi huchipuka kwenye mbuga chache zinazofurika na kukauka, Rukwa ikiwamo. Ndiyo sababu mwaka 1949 huduma ya kimataifa ya kuwadhibiti iliwekwa Abercorn, leo Mbala, ng'ambo ya mpaka, nchini Zambia. Tabia ya mdudu ilijulikana kwanza: nzige mpweke akibanana na wenzake hubadilika na kuandamana nao. Sumu bila ujuzi huo ingemwagwa ovyo.

Mtu atauliza, programu ya kuiga ubongo kama GeNN ya Chuo Kikuu cha Sussex, inayokokotoa maelfu ya seli za neva kwa pamoja kwenye kadi ya michoro, inamhusu nini mkulima wa Kamsamba, huku Songwe? Tena mwaka 2009 nzige wa Rukwa walidhibitiwa kwa dawa iliyotengenezwa kwa kuvu, bila ubongo wa kuigwa. Hoja nzito, lakini kuvu hiyo nayo ilihitaji kujua pa kunyunyizwa. Kadi huharakisha hesabu tu. Namba za kuilisha hutoka kwa mdudu halisi, na mbugani ndiko anakoishi.