Jimbo Kuu la Lubumbashi: miaka ya majaribu

Mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, na Kanisa lake ni mapacha. Mwaka 1910, mji ulipoanzishwa, Wabenediktini wa abasia ya Saint-André karibu na Bruges walikabidhiwa Katanga chini ya Jean-Félix de Hemptinne, aliyeiongoza misheni hiyo mpaka alipofariki 1958. Walituachia Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo, shule nyingi, na Kiswahili katika katekisimu. Walituachia pia jeraha: ukaribu mno na serikali ya kikoloni na kampuni ya madini ya Union Minière. Tunapoadhimisha historia hii, tuliseme na hilo.

Wakati Kilatini kingali kinatawala altareni, Joseph Kiwele, mwalimu wa muziki, alitunga nyimbo za ibada kwa mapigo ya kwao, na Padri Anschaire Lamoral akaifundisha kwaya ya watoto ya Croix de Cuivre. Kiwele alifariki 1961, Katanga ikiwa imejitenga na Kongo, naye akiwa waziri wa elimu wa Rais Tshombe wa Katanga. Kazi yake ilikuja kulifaa Kanisa kuliko alivyoweza kujua.

Mwaka 1967 Eugène Kabanga Songasonga akawa Askofu Mkuu, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho. Haikupita miaka mingi, dhoruba ikaja. Mwaka 1972 Rais Mobutu wa Zaire, jina la Kongo wakati huo, alipiga marufuku majina ya ubatizo ya kizungu. Mwaka 1974 Noeli ikafutwa kuwa sikukuu ya taifa, na mwisho wa mwaka huo serikali ikazitwaa shule za dini. Yote hayo yalifanywa kwa jina la utamaduni wa Kiafrika, na hapo ndipo palipokuwa na mtego: Mkristo aliyelalamika aliambiwa anatetea mambo ya wazungu. Lakini waumini waliokwisha kumsifu Mungu kwa ngoma na kwa lugha zao wangeambiwaje hivyo?

Kabanga alijibu 1976 kwa waraka wa kichungaji alioupa jina la Kifaransa lenye maana ya “Mimi ni mtu”. Alikemea rushwa na tamaa ya fedha iliyokuwa ikiwatafuna wanyonge. Kwa siku zile, kusema hivyo hadharani kulihitaji moyo. Shule zilirudishwa 1977, na 1988 Roma ikaidhinisha ibada ya misa ya Zaire, yenye kucheza na kuwataja mababu.

Jaribu lililouma zaidi halikutoka kwa Mobutu peke yake. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya mkoa wa Kasai walifukuzwa Katanga kwa maelfu, na wengi kati ya waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa wamebatizwa katika Kanisa moja. Historia yoyote ya jimbo inayoruka miaka hiyo haijakamilika.

Wazee walioimba chini ya Lamoral wanazidi kupungua. Mwenye daftari la nyimbo, picha au nakala ya waraka wa 1976 asiviache viliwe na mchwa. Avipeleke parokiani, vijana wavisome.